Pimamaji ya trekta ilisoma nyuzi 14, trekta ikalala ubavu. Kosa ni la kipimo au letu?

#1 Tloma_Juu
Wakuu, heshima kwenu.

Tunalima ngano na mahindi Mbulumbulu, Karatu, upande wa juu kuelekea msitu. Waliofika wanajua vilima vya kule. Msimu uliopita tulifunga kipimo cha mwinamo kwenye Massey yetu, kile cha kioo kilichopinda chenye gololi ndani ya mafuta. Sisi tunakiita pimamaji tu. Kijani kinaishia nyuzi 10, njano inaishia 20, halafu nyekundu.

Jumanne iliyopita mdogo wangu alikuwa analima kwa plau ya sahani tatu. Anasema gololi ilikuwa kwenye 14, na ana hakika kwa sababu aliitazama kabla ya kukata kona. Sekunde chache baadaye trekta ililala upande wa kulia. Amevunjika mtulinga na amechubuka mguu, lakini yuko hai na anaongea. Nilipofika pale na kuona usukani ulivyopinda, miguu iliniishia nguvu.

Swali langu: 14 iko katikati ya njano. Imekuwaje ipinduke? Kipimo kimetudanganya, au kuna kitu hatukijui?

#2 mama_Kwaraa
Pole sana kwa mdogo wako, Mungu ampe nafuu. Kabla ya kulaumu kipimo, alikuwa analipwa kwa siku au kwa ekari?

#3 FundiDizeli
Pole mkuu. Plau ilikuwa chini au ameinyanyua? Kona alikata kwenda juu au kwenda chini? Na kipimo kimefungwa wapi, kwenye dashibodi au kwenye madigadi? Bila majibu hayo tutapiga ramli.

#4 Tloma_Juu
Fundi #3, plau alikuwa ameinyanyua juu kabisa maana alifika mwisho wa shamba. Kona alikata kushoto, kupanda mlima. Kipimo kipo kwenye madigadi ya kulia, tumetoboa na kufunga bolti mbili.

Mama #2, kwa ekari. Lakini ni ndugu, hana haja ya kukimbizana.

#5 FundiDizeli
Basi majibu unayo mwenyewe. Plau ya sahani ni chuma kizito. Ukiinyanyua juu unafanya mawili: unapandisha kitovu cha uzito, na unaipunguzia pua uzito. Juu ya hapo akakata kona kwenda mlimani, kwa hiyo mwendo ulimsukuma nje, yaani upande wa bondeni, kule kule trekta ilikokuwa imeegemea. Kwenye mteremko kona inakatwa kwenda chini, polepole, plau ikiwa imenyanyuliwa kiasi cha kupita tu.

Halafu madigadi si mahali pa kufunga kipimo. Ile ni bati, ikipigwa na tawi au mtu akiikalia inapinda. Funga kwenye dashibodi au kwenye chuma kilichokaza na gia boksi.

#6 Kijana wa Dabaga
Huku Kilolo tunasema mteremko wa asilimia 20 ni mwisho wa trekta. Nyuzi 14 ni chini ya hapo, kwa hiyo naona kipimo ni kibovu.

#7 Mwl. Sukari
Kijana #6, umechanganya vitu viwili, na wengi huchanganya hapo. Asilimia na nyuzi si kitu kimoja. Asilimia 20 maana yake ukienda mita 100 mlalo unapanda mita 20, na hizo ni nyuzi 11 na kidogo tu. Nyuzi 14 ni asilimia 25. Nyuzi 15 ni kama asilimia 27, na asilimia 100 ni nyuzi 45. Kwa kanuni yenu ya Kilolo, dogo alikuwa ameshavuka mpaka.

#8 Kijana wa Dabaga
Asante mwalimu. Nimetoka na kitu.

#9 TimboroaFarmer
Poleni majirani. Sisi huku Kenya kanuni za matumizi ya ardhi ya kilimo zilikataza kulima mteremko uliozidi asilimia 35, na kuanzia 12 kwenda juu ulitakiwa kuhifadhi udongo kwanza. Lakini kanuni zile zilitungwa kwa ajili ya mmomonyoko, si kwa ajili ya trekta. Asilimia 35 ni nyuzi 19, na mimi singepeleka trekta yangu huko hata kwa pesa. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakisema "serikali inaruhusu 35" halafu wanapanda na tela la viazi.

Mkuu #1, hapo mwisho wa shamba pana mtaro wa fanya juu, ule wa kuzuia mmomonyoko ambao udongo wake hutupwa upande wa mlimani?

#10 Tloma_Juu
Upo. Tulichimba wenyewe, kina kama futi mbili. Tairi la nyuma la kulia tulilikuta pembeni ya mtaro, lakini sijui kama lilidumbukia kabla ya kupinduka au baada.

#11 TimboroaFarmer
Basi mimi naacha mambo ya gololi, naenda kwenye mtaro. Ukingo wa mtaro ni udongo uliofukuliwa, unaonekana mgumu lakini ndani umelegea, hasa baada ya mvua. Trekta ya tani mbili na zaidi ikiukanyaga unakatika wote kwa pamoja. Tulichofundishwa ni hiki: kama mtaro una kina cha futi mbili, tairi lisiukaribie chini ya futi mbili. Kina chake ndio umbali wako. Hakuna kipimo duniani kitakachokuonya kwamba ukingo utakatika.

#12 Mwl. Sukari
Nimekaa na kalamu, naomba mnivumilie.

Chukua trekta yenye upana wa mita 1.4 kutoka katikati ya tairi la nyuma hadi katikati ya jingine, na kitovu cha uzito kiwe sentimita 75 juu ya ardhi. Nusu ya upana ni 70. Gawanya 70 kwa 75, tafuta nyuzi zake: 43. Yaani ukiiinamisha taratibu sana karakana, itaanguka ikifika nyuzi 43.

Sasa shambani. Tairi la chini likiingia shimo la sentimita 20 na la juu likapanda kichuguu cha sentimita 20, tofauti ni sentimita 40 juu ya upana wa 140. Hizo ni nyuzi 16 zimeongezeka kwa kufumba na kufumbua. 14 na 16 ni 30. Bado kona: ukienda kilomita 10 kwa saa na kukata kona ya nusu kipenyo cha mita 5, mwendo unakusukuma nje sawa na kuongeza nyuzi 9. Tumefika 39. Zilizobaki ni nne.

#13 FundiDizeli
Hata hizo nne huna, mwalimu. Ekseli ya mbele ya Massey inacheza kwenye pini ya katikati. Mpaka igonge vizuizi vyake, magurudumu ya mbele hayakusaidii kuzuia kulala. Trekta imesimama kwenye pembetatu, matairi mawili ya nyuma na ile pini, si kwenye mstatili.

#14 Mwl. Sukari
Kweli fundi, nimeisahau pini. Ila usiipe ukali kupita kiasi: pini yenyewe haiko ardhini, iko juu. Nikiiweka sentimita 50 na uzito ukiwa asilimia 30 mbele na 70 nyuma, 43 inashuka kuwa kama 39. Ukinyanyua plau nzito, uzito unahamia nyuma na juu, namba zinabadilika tena.

#15 gololi
Nimevutwa na jina langu kutajwa kila posti. Mwalimu #12, kuna kosa dogo. Gololi ndani ya mafuta haipimi mwinamo wa ardhi peke yake. Ukikata kona nayo inasukumwa nje kama wewe ulivyosukumwa. Kwa hiyo zile nyuzi 9 za kona kipimo kinazionyesha chenyewe, usizihesabu mara mbili. Kama dogo alisoma 14 *kabla* ya kona, sawa, ziongeze. Kama alisoma *ndani* ya kona, zimo tayari.

Na kuna kosa la pili. Plau ya kawaida inatupa udongo kulia, na tairi la kulia linatembea ndani ya mfereji. Mfereji wa sentimita 20 kwa upana wa 140 ni nyuzi 8 peke yake. Mkuu #1, aliposoma 14 tairi lilikuwa bado mferejini?

#16 Tloma_Juu
Nimempigia sasa hivi. Anasema ndiyo, alikuwa bado mferejini, ndiyo kwanza anavuta mkono wa haidroliki. Kulia kulikuwa bondeni.

#17 gololi
Basi ardhi yenyewe ilikuwa na mwinamo wa nyuzi kama 6 tu, na 8 zilikuwa za mfereji. Akitoka mferejini trekta ilitakiwa *kunyooka*, si kulala. Mimi sasa sielewi zaidi ya mwanzo.

#18 TimboroaFarmer
Mimi naelewa. Mtaro.

#19 FundiDizeli
Au breki. Mkuu, kona aliikata kwa usukani tu au alikanyaga breki ya kushoto? Madereva wetu wengi wanalima kanyagio mbili zikiwa zimeachana, komeo halijafungwa. Ukikanyaga ya kushoto peke yake, trekta inajizungusha kwenye tairi moja. Kona si ya mita tano tena, ni ya mita mbili au tatu, na hesabu ya mwalimu inapaa.

#20 Tloma_Juu
Alikanyaga breki ya kushoto. Kona zetu zote tunakata hivyo, tangu enzi za baba.

#21 mama_Kwaraa
Nina trekta mbili Babati na madereva wanne wamepita mikononi mwangu, kwa hiyo narudi palepale nilipoanza. Mnaongea pini na mitaro, sawa. Lakini breki moja, plau juu kabisa, kona ya kupanda: zote ni dalili za mtu mwenye haraka. Anayelipwa kwa ekari anahesabu kona, kila kona anayoikata polepole ni pesa imepotea. Mwenzenu nilihamisha malipo ya mashamba ya mlimani yakawa kwa siku, ya tambarare nikayaacha kwa ekari. Wateja walilalamika kwamba napandisha bei. Niliwaambia nendeni kwingine, mimi nikiamka usiku simu ikilia sitaki iwe habari ya msiba.

#22 DerevaMzee
Mama #21 shikamoo. Nimeendesha trekta miaka 31 na nakubaliana na wewe, ila nitamtetea dogo. Haraka haikuanza kwake. Mwenye shamba amesimama ukingoni anaangalia mawingu, mvua inakuja, mbegu imeshanunuliwa. Dereva ukisema "hapa sipandi" unaitwa mvivu.

Kuhusu kulima: kwenye mteremko mimi natafuta kutupa udongo *juu*. Mfereji ukiwa upande wa mlimani, tairi la juu linashuka mferejini na trekta inanyooka. Zile nyuzi 8 zinakutoka badala ya kukuingia, na udongo hauteremki. Kwa plau ya kawaida unalima kwenda upande mmoja tu na kurudi mtupu, mafuta yanaliwa. Mwenye plau ya kugeuza anafanya hivyo kwenda na kurudi.

#23 mama_Kwaraa
Marahaba mwanangu, ingawa kwa miaka 31 huenda ni mimi wa kukuamkia.

#24 Kijana wa Dabaga
Wakuu, simu haiwezi kufanya kazi hii? Kuna programu za kupima mwinamo, bure kabisa. Niliiweka kwenye trekta ya mjomba, namba zinacheza kama mtu ana homa.

#25 gololi
Mtetemo wa injini huo. Kitambuzi cha simu kinahisi kila mtikisiko. Programu nzuri inachukua wastani wa sekunde moja au mbili, lakini ikichukua wastani mrefu inachelewa kukuonya. Na simu lazima ifungwe imara, si kuegeshwa.

Kwa asiye na hela ya kipimo: chukua timazi ya mafundi ujenzi. Mimi nilitengeneza ya kamba ya sentimita 30 mbele ya ubao, bilauri ya oili chafu chini ili timazi ichovye na isiyumbe. Ukiweka alama kwenye mstari ulionyooka sentimita 30 chini ya msumari: nyuzi 10 ni sentimita 5.3 kutoka katikati, 15 ni 8, na 20 ni 10.9. Inaonekana vizuri kuliko ile gololi ya kununua.

#26 Nyasi za Makete
Mimi naomba kukumbusha kwamba hivyo vipimo vyote mnavyosema vinaangalia kushoto na kulia. Rafiki yangu alifunga mnyororo wa gogo kwenye ekseli ya nyuma badala ya kuufunga chini kwenye baa ya kukokotea. Gogo liligoma, akaongeza moto, akaachia klachi. Trekta ilibinuka nyuma kama farasi. Ni kama sekunde moja na nusu tangu pua inyanyuke mpaka mgongo uguse chini, na nusu ya kwanza ikishapita klachi haikuokoi tena. Hatukuwahi hata kupiga kelele. Tulimzika Jumapili.

Pale hapakuwa na mteremko wa ubavu hata kidogo, gololi ingekaa katikati ya kijani.

#27 DerevaMzee
Pole sana ndugu. Kila ninayemfundisha nampeleka kwanza kwenye ile baa, kabla hata ya kuwasha injini.

#28 Mwl. Sukari
Mkuu #1, kuna swali hakuna aliyekuuliza. Trekta ina fremu ya kinga nyuma ya kiti?

#29 Tloma_Juu
Ilikuja nayo. Tuliifungua mwaka juzi kwa sababu banda ni fupi, ilikuwa inagonga boriti. Ipo nyuma ya ghala.

#30 Mwl. Sukari
Irudishe kesho, ukate boriti. Sweden ililazimisha fremu kwa trekta mpya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vilishuka sana kadiri trekta za zamani zilivyotoka mashambani. Fremu haizuii kulala, inazuia kuendelea kubiringika na inaacha nafasi ya mtu kubaki hai. Na ikiwepo, funga mkanda, maana bila mkanda unarushwa nje na fremu yenyewe inaweza kukuangukia.

#31 Kijana wa Dabaga
Kwa hiyo bila fremu pia nifunge mkanda?

#32 FundiDizeli
Hapana! Bila fremu, mkanda unakufunga kwenye chuma kinachokuja kukulalia. Fremu na mkanda vinakwenda pamoja. Na fremu za kukunja, ikiwa imekunjwa ihesabu kama haipo.

#33 DerevaMzee
Tulifundishwa ikianza kulala ruka upande wa mlimani. Hiyo iliniokoa mwaka 1998.

#34 FundiDizeli
Nakuheshimu mzee, lakini kwa trekta yenye fremu hilo ni fundisho la hatari. Wengi wanaruka upande ambao mwili umeshaelemea, nao ni wa bondeni. Shika usukani, jikaze kitini.

#35 DerevaMzee
Yangu haikuwa na fremu. Ndiyo maana nimesema *tulifundishwa*.

#36 TimboroaFarmer
Na upana wa matairi? Massey nyingi rimu za nyuma zinageuzwa, unapata upana zaidi bila kununua kitu. Huku tukipanda milimani tunatanua, tukirudi kwenye mistari ya mahindi tunapunguza. Matairi ya nyuma tunayatia maji robo tatu, uzito ushuke chini.

#37 FundiDizeli
Sahihi, ila kagua maji yalingane kushoto na kulia, na upepo pia. Tairi moja likiwa limelegea, kipimo kinasoma uongo na trekta inalala kweli.

Mkuu #1, hili ndilo nataka ulifanye kabla hatujafunga ukurasa wa kipimo. Simamisha trekta mahali palipo karibu tambarare, weka alama matairi yalipokaa, soma gololi. Zungusha trekta iangalie ilikotoka, matairi yakae kwenye alama zile zile, soma tena. Kipimo kizuri kitasoma namba ile ile upande wa pili. Kama hazilingani, nusu ya tofauti ndiyo kosa lake.

#38 Tloma_Juu
Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Trekta tumeinyanyua, matairi yamelinganishwa upepo, nimefanya kama fundi #37 alivyosema. Mara ya kwanza ilisoma 4 kushoto. Nilipogeuza ilisoma 1, tena kushoto hiyo hiyo, badala ya kulia.

#39 gololi
Basi ardhi yako ina nyuzi 1.5 na kipimo kina kosa la 2.5 kuelekea kushoto. Trekta ikiegemea kulia, kinapunguza 2.5. Kwa hiyo 14 ya dogo ilikuwa 16.5.

#40 FundiDizeli
Nilisema. Madigadi.

#41 Nyasi za Makete
Subirini kidogo. Trekta imelala upande wa kulia, na kipimo kiko madigadi ya kulia. Si bati hilo hilo lilipigwa chini? Tutajuaje kama hizo 2.5 zilikuwepo kabla ya Jumanne?

#42 Tloma_Juu
Madigadi yamepinda kweli. Sikuwahi kukipima kabla.

#43 TimboroaFarmer
Na mtaro je? Ulikwenda kuangalia ukingo?

#44 Tloma_Juu
Umekatika kama hatua tatu. Lakini winchi ilipita hapo hapo wakati wa kuinyanyua, kwa hiyo hata hilo siwezi kuapa.

Fremu imerudi. Boriti nimeikata leo asubuhi, mdogo wangu kakaa pembeni mkono kwenye kitambaa ananielekeza. Anauliza plau ya kugeuza inapatikana wapi, iliyotumika. Mwenye kujua aniandikie.

#45 DerevaMzee
Ya sahani au ya majembe?